Bahasha Tupu za Hamburg

Baba alitoka Unguja baada ya mapinduzi na sanduku moja, na nusu ya sanduku hilo ilikuwa bahasha tupu. Wenzake walibeba dhahabu za wake zao, au hati za mashamba wakidhani watarudi. Mama hakumsamehe. Kila alipokosa sufuria hapa Matrah, kando ya Maskati, alisema, "Basi tupike hizo bahasha zako."

Alikuwa karani wa posta tangu ujanani, na alichokipenda ni muhuri, yale maandishi ya duara yanayogongwa juu ya stempu. Kati ya mihuri yote ya dunia alishikwa na ya mji mmoja wa Ujerumani, Hamburg, kwa sababu wanunuzi wa karafuu wa huko waliandikiana na maduka ya Wahindi wa Unguja miaka nenda miaka rudi. Mwenye duka akisoma barua yake huiweka, na bahasha humpa Baba, ambaye aliingoja kama paka anavyongoja utumbo wa samaki.

Alizipanga katika buku kubwa. Mwanzo zilikaa zile za zamani, Hamburg ilipokuwa mji huru wenye posta yake, na falme za jirani nazo zimefungua posta zao mjini humohumo, kila moja na muhuri wake. "Kama Unguja yetu ya zamani," alisema, "Mhindi ana posta yake, Mfaransa yake, Mjerumani yake." Kisha muhuri mmoja wa Ujerumani nzima, wenye saa na nambari ya ofisi. Kisha miaka ambayo pesa yao ilioza, stempu zisiweze kuchapwa upesi, makarani wakagonga tu kwamba ada imelipwa. Kisha vita, na baada ya vita mihuri iliyochakaa hata jina la mji halisomeki vizuri. Nyumbani tuliijua Hamburg kuliko tulivyoijua Maskati.

Miaka miwili mitatu kabla ya mabadiliko ya sabini, Sultani mpya aliposhika Omani, nikaposwa. Mchumba alikuwa mwenyeji, muuza tende, mtu wa maneno machache. Nilimwona mara mbili dirishani nikamtaka, na sikuwa na sababu ya kuringa. Sisi waliotuita Wazinjibari, tunaosema Kiswahili majumbani mwetu, hatukugombaniwa na mtu. Akaja ami yake, mzee mwenye heshima zake, akanywa kahawa, akamuuliza Baba kwa adabu kazi yake huko ilikuwa nini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kiarabu cha Baba kilikuwa cha msahafuni, kizuri kwa kusoma, kizito kwa kuongea. Maneno yalipomwishia, akaenda kuleta buku.

Niliona haya papo hapo. Nilijua atachukua saa nzima na Hamburg yake. Sikujua kwamba kuna haya kubwa zaidi inakuja.

Hapa, siku zile, barua haikuwa kitu cha kugongwa muhuri. Posta ilikuwapo, lakini ya maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Mwenye jamaa Bahrein alimpa msafiri barua mkononi, na msafiri aliitoa mkononi, gundi haijaguswa. Ilikuwa amana, sawa na dhahabu ya mtu.

Yule mzee alifunua kurasa polepole. "Majina haya ni ya nani?"

Baba akamsomea kwa furaha: huyu Mhindi wa karafuu, huyu wa pembe, huyu marehemu.

"Na yako ni ipi?"

"Hakuna yangu."

"Na barua zilizokuwamo ziko wapi?"

"Sijui," akasema Baba, na ndiyo ilikuwa kweli, maana zilibaki na wenyewe.

Mzee akafunga buku, akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Siku ya pili akaja mshenga. Ami hajakataa, alisema, ila anaomba jambo dogo: Baba ale yamini mbele ya wazee kwamba hakupata kufungua barua ya mtu. Mama akawaka. "Kataa. Mtu mzima na ndevu zake, ataapishwa kama mwizi wa kuku?"

Baba aliniita, akanikalisha karibu yake. "Mwanangu, wamtaka huyu kijana? Ukimtaka, mie nnakwenda."

Kwetu mwari akiulizwa hivyo na akanyamaza, amekubali. Nami nilijua hivyo. Nikatazama mkeka.

Akavaa kanzu yake ya Idi akaenda. Aliporudi alisema tu, "Imekwisha, pikeni."

Siku ya harusi wanawake walikuwa wamenizunguka chumbani, na sauti ya ami ilitufikia kutoka uani kwa wanaume. Alikuwa anamsifu Baba, kwa moyo safi kabisa. Alisema mkwe wetu huyu ni mwaminifu, alikaa na barua za watu umri wake wote na hakufungua hata moja, tumemwapisha sisi wenyewe. Watu wakasema mashallah. Nikamsikia Baba, kwa sauti ya chini, akisema alhamdulillahi. Bibi mmoja akanibana mkono akaniambia nina bahati ya baba. Nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie na hina yangu.

Maneno yale yalienea Matrah nzima. Watu wakaanza kumletea Baba barua zao za Bahrein na Kuweit awatafutie msafiri, maana ndiye mwaminifu aliyeapishwa. Hakumkatalia mtu. Nilipokuja kumtazama nilimkuta barazani, mtu amesimama mbele yake na bahasha. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akamwonyesha mwenyewe pale palipogundishwa, akangoja mpaka yule mtu aitikie kwa kichwa kwamba ameona. Ndipo akaitia mfukoni.