Vijana Watano wa Mama Joyceline

Mama Joyceline hakuwa mtu wa kushindwa jambo. Muulize yeyote Mtaa wa Mchikichi. Aliteremka kutoka Machame akiwa msichana, akauza vikombe chini juu ya turubai, akafukuzwa na mgambo mpaka mgambo wenyewe wakachoka, na leo ana duka la jumla la masufuria na chupa za chai ambalo wateja wa Lindi na Mtwara hulipigia simu kabla hawajapanda basi. Usharikani nako ni mzee wa kanisa, na si mzee wa kukaa mbele na kukunja mikono. Kanisa lilipopakwa rangi, yeye ndiye aliyemsimamia fundi, na fundi yule mpaka kesho akimwona anabadili njia.

Kwa hiyo siku Mchungaji Elimringi aliposema kwenye baraza la wazee kwamba ibada ya vijana iko mashakani, Mama Joyceline aliuchukua mzigo kama wake. Ibada ile ya saa nne ilikuwa imeanzishwa kwa mbwembwe. Gitaa lilinunuliwa, ngoma zikanunuliwa, skrini ikafungwa ukutani, mahubiri yakafupishwa. Vijana walikuja Jumapili za mwanzo, wakala pilau, wakapiga picha, kisha wakapotea. Mzee mmoja alisema vijana wa siku hizi wana mashetani. Mchungaji akajibu kwamba mashetani hana hakika nao, ila viti visipojaa mwezi huu ibada itafutwa, na wale wachache waliobaki watarudi kusali asubuhi na wazazi wao. Akaomba kila mzee alete vijana watano.

"Watano tu?" Mama Joyceline aliuliza. "Kariakoo nzima imejaa vijana. Kwani nyie mnawatafutia wapi?"

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kariakoo watu hawaitani majina yao. Kuna Msauzi, ambaye hajavuka hata Tunduma. Kuna Kipara, mwenye nywele tele. Ukienda kumtafuta mtu kwa jina la cheti cha kuzaliwa utazunguka mpaka jua lizame, na mwenyewe yuko mbele yako amebeba katoni. Mama Joyceline aliwajua vijana wa mtaa ule wote, nani mwizi, nani mchapakazi, nani kaachwa na mchumba. Majina waliyopewa na wazazi wao hakuwahi kuyahitaji.

Alianza na wapagazi wake mwenyewe, Msauzi na Kipara. "Jumapili saa nne mnakuja kanisani. Vaeni mashati ya maana."

"Sawa, Mama," wakasema.

Akaongeza wawili wa duka la jirani na mmoja muuza maji. Wote walisema sawa. Kazi ilikuwa nyepesi mno, akashangaa wazee wenzake walikuwa wanalia nini.

Aliyebaki dukani kwake alikuwa Ustadhi. Huyu ndiye aliyekaa kaunta. Alikuwa amekuja miaka mitatu nyuma kutoka duka la Mzee Abdulrazak, aliyefunga biashara na kurudi kwao. Kijana mpole wa Songea, kofia nyeupe kichwani, hanywi, hatukani. Wapagazi walimwita Ustadhi siku ile ile, jina likaganda. Mama Joyceline alimheshimu yeye na dini yake. Idi alimpa mapumziko, na mchele, na kuku. Mwezi wa Ramadhani hakunywa chai mbele yake. Ijumaa mchana alimruhusu atoke. Na kwa kuwa Jumapili kwa Ustadhi ni siku ya kawaida, ndiye aliyeshika duka Jumapili zote, na Krismasi, na Pasaka, huku Mama Joyceline akienda kumwomba Mungu kwa moyo mweupe. Wenye maduka wenzake walimwonea wivu.

Jumapili ikafika. Vijana watano waliketi mstari wa mbele, wamenyoosha mashati, wameshika vitabu vya nyimbo kwa adabu kuliko hata wanakwaya. Mama Joyceline aligeuka nyuma mara mbili kuwaangalia wazee wenzake, na sitasema uongo, hakugeuka kwa unyenyekevu. Kisha ukafika wakati wa wageni kusimama, kutaja majina na walikotoka, kama ilivyo desturi.

Alianza Kipara. "Habari zenu. Mimi naitwa Awadhi, kwetu Mtwara. Mama alituambia tuje."

Watu walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya kuulizana. Akasimama Msauzi.

"Naitwa Abbasi. Na mimi Mama aliniambia."

Wa tatu, wa nne na wa tano nao walikuwa hivyo hivyo, Waislamu watupu. Wazee wenzake waliinamia vitabu vyao, mabega yakiwatikisika. Mama Joyceline aliona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu mgambo wavunje vikombe vyake mbele za watu.

Mchungaji Elimringi alikuwa muungwana. Aliwakaribisha, akawaambia hapa ni nyumbani. Kisha akauliza kwa upole, "Awadhi, mlikubalije kuja?"

"Mama ni bosi," Awadhi alisema. "Akisema tushushe kontena, tunashusha. Akisema kanisani, tunaenda. Hatuna neno naye."

"Na huko kazini kwenu hakuna kijana Mkristo hata mmoja?"

"Yupo. Samson."

"Samson yupi?" Hilo lilimtoka Mama Joyceline mwenyewe.

Awadhi alimgeukia, akashangaa kweli. "Samson wa dukani kwako, Mama. Ustadhi. Alikuwa mwanakwaya kwao. Zamani hata yeye alitaka kuja, ila kila Jumapili unamwacha kaunta."

Mama Joyceline alisimama akatoka, kanisa zima likimwona. Njia nzima mpaka Mchikichi alikuwa anajisemea, haiwezekani, haiwezekani.

Alimkuta Ustadhi ameketi nyuma ya kaunta, anafuta vumbi masufuria.

"Shikamoo, Mama. Leo mmewahi kutoka."

"Unaitwa nani?"

Kijana aliweka kitambaa chini. "Samson."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, Mama, mwezi wangu wa kwanza kazini. Ulicheka, ukasema, Ustadhi, nawe kwa utani! Halafu nikakusikia unawaambia wenzako umenipenda kwa sababu nafaa Jumapili. Nikaogopa nikikazana nitakosa kazi."

Mama Joyceline alikumbuka kicheko. Maneno hakuyakumbuka. "Na kofia je?"

"Alinipa Mzee Abdulrazak tulipoagana."

Krismasi tatu. Akilini alimwona kijana wa watu amekaa peke yake kwenye duka lile, mtaa mtupu, kengele zinasikika, na yeye aliyemweka pale akiwa anaimba kwa sauti ya juu. Machozi yalimtoka bila kuyaficha.

"Nisamehe, mwanangu. Kimbia sasa hivi, utawahi mahubiri. Mimi nitakaa kaunta, leo na Jumapili zote."

Samson hakuinuka. "Mwaka wa kwanza iliniuma, Mama. Ile Ijumaa unayoniruhusu, nilikuwa naingia kanisani kwenu, nakaa nyuma peke yangu. Baadaye nikawa nakaa pale nawaza mauzo. Nikaacha. Sasa Jumapili naiona siku kama siku nyingine."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo lilimtisha Mama Joyceline kuliko kama angemtukana.

"Utaenda," alisema, akimwashiria kwa mkono atoke. "Utaenda leo."

"Mama," Samson aliuliza kwa heshima zote, "unanialika au unanituma?"

Miaka yote ya Kariakoo Mama Joyceline hakuwahi kumwambia kijana jambo ambalo kijana huyo angeweza kulikataa. Mteja aliingia akiulizia chupa za chai. Samson alisimama kumhudumia, na Mama Joyceline akabaki na Biblia kwapani mbele ya kaunta yake mwenyewe, upande wa wateja.