Siku Treni Ilipomwacha Mama Stesheni

Enzi zetu, sisi tuliokulia Dandora miaka ile ya tisini, siku ilianza kwa honi. Ililia kwa mbali, upande wa Githurai, nikiwa bado chini ya blanketi, na ndoto ikaigeuza kuwa yake: mara ng'ombe wa nyanya kule Machakos, mara tarumbeta ya kanisani. Kisha Mama akalivuta blanketi. "Mwende, treni haimngoji binti wa chifu, sembuse wewe!"

Tulikunywa uji wa wimbi haraka haraka, tukatoka ukungu ukiwa bado umelalia mabati. Njia ya stesheni ilijaa watu waliotembea kimya, kila mmoja na harufu yake: mafuta ya nazi, sabuni ya kipande, moshi wa stovu. Shule yangu ilikuwa Makadara, na Mama alipiga pasi nguo katika kiwanda kilichokuwa mbele kidogo ya hapo, basi tulisafiri pamoja.

Watoto wa leo wakikosa kiti wanapiga picha na kuulalamikia ulimwengu mzima. Sisi kiti tulikisikia tu. Tulibanwa mpaka miguu ikaelea, tukalala hivyo hivyo wima, tumeegemea makoti ya watu tusiowajua. Behewa letu lilikuwa la waimbaji. Mwalimu wa shule ya Jumapili alianzisha pambio, fundi wa magari akaitikia kwa besi, na magurudumu yakapiga ngoma huko chini. Nilikuwa nikisinzia katikati ya sauti hizo nikidhani mbinguni nako watu husafiri wamesimama.

Ila katika behewa hilo walikuwamo wanawake wawili wasiosalimiana. Mmoja alikuwa Mama. Wa pili ni Mama Nekesa, jirani yetu katika ploti, mama wa Bungoma mwenye mwili na kicheko kikubwa, aliyefanya kibarua kwenye kiwanda cha sabuni. Waligombania kamba ya kuanika nguo. Blanketi la Mama Nekesa lilipatikana matopeni. Mama akasema ni upepo, Mama Nekesa akasema upepo huo una mikono. Tangu hapo hakuna aliyemwomba mwenzake hata chumvi. Mimi na Nekesa, tuliokuwa tukiruka bladda, ile kamba ya mpira, pamoja kila jioni, tukakatazwa kuchezea upande wa pili wa bomba la maji la ploti. Na kila asubuhi treni iliwabana mama zetu bega kwa bega, kila mmoja akitazama kwake, wote wakiimba pambio lile lile.

Asubuhi moja ya masika treni ilichelewa sana. Ilipofika, watu walikuwa wamejaa mara mbili ya kawaida. Mama alininyanyua akanipitisha dirishani, kama wazazi wengi walivyofanya, mikono ya watu ikanipokea, naye akakimbilia mlangoni. Mlango ulikuwa umezibwa na watu wanaoning'inia. Treni ikang'oka. Nilimwona akikimbia kando yetu, leso ikimdondoka, mdomo wazi na sauti isisikike. Akawa mdogo, mdogo zaidi, kisha ukungu ukamchukua.

Nililia kwa nguvu. Mkono mzito ukanishika begani.

"Nyamaza, mwanangu. Mimi niko."

Nikageuka, nikamwona Mama Nekesa, nikalia zaidi, maana huyo ndiye niliyekatazwa kumsemesha. Akamwambia mzee mmoja aliyeketi, "Baba, tusaidie kiti, mtoto ameachwa na mamake." Mzee akasimama. Mama Nekesa akakaa, akanipakata, akanifunika kwa sweta yake yenye harufu ya sabuni. Nilikuwa na hofu, lakini ule mtikisiko wa treni na lile joto vilinishinda. Nililala.

Makadara tulishuka pamoja. Wenzake wa kiwandani walikuwa tayari wanakimbia.

"Mama Nekesa, geti litafungwa!" mmoja alimwita.

"Lifungwe!" akajibu. "Huyu atavuka barabara na nani?"

Akanibeba mgongoni kwenye matope mpaka shuleni, akanikabidhi kwa mwalimu. Nilidhani ataondoka. Lakini nilipochungulia dirishani nilimwona amekaa barazani, sweta imelowa, anatazama njia.

Mama alitokea masomo yakiwa yameshakolea. Alikuwa amefuata reli kwa miguu kutoka Dandora, kiatu kimoja hakipo, magoti yamejaa udongo. Mama Nekesa alisimama.

"Yuko ndani, Mama Mwende. Anasoma. Hata hajakwaruzika."

Mama aliketi sakafuni kama gunia lililokatwa kamba. Alilia kwanza. Kisha akauliza, "Na kibarua chako?"

"Leo kimeenda. Kesho si siku?"

Mama akafuta machozi kwa kiganja. Halafu, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, akasema, "Lile blanketi, dada... ni mimi niliyeliangusha."

"Nilijua," alisema Mama Nekesa. "Upepo wa Dandora hauvai slipa. Uliacha nyayo zako pale." Na kicheko chake kikajaa baraza lote, mpaka mwalimu akatoka kuona kuna nini.

Jioni hiyo Mama aliinjika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, akaibeba nzima hadi mlango wa pili. Mimi na Nekesa tuliruka bladda mpaka kiza kikaimeza kamba, na hakuna aliyetuita ndani.

Mama Nekesa alirudi Bungoma alipozeeka, na Mama humpigia simu kila Jumapili, wakicheka mpaka salio liishe. Mimi bado hupanda treni. Siku hizi kila mtu ana waya masikioni. Kama kuna pambio, kila mmoja anasikia lake peke yake. Juzi alipanda mama kijana na mtoto mdogo, hana pa kushika, anayumba. Nikamnyooshea mikono, "Lete nikupakatie." Alinitazama kwa hofu, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, akanigeuzia mgongo.

Sikumlaumu. Hanijui, na mji umemfundisha hivyo. Nilirudisha mikono yangu, nikatazama paa za Kariobangi zikipita dirishani, zimelowa umande, behewa zima likiwa kimya.