Motere ya Bruno Haikuguswa na Risasi

Harufu ilianza kumfuata Gauthier wiki mbili baada ya matanga ya Bruno. Ilikuwa harufu ya mafuta ya motere, injini ya gari, yaliyoungua, kali, yenye utamu fulani mbaya mwishoni, ambayo kila fundi wa magari anaijua na hakuna anayependa kukutana nayo. Ilimjia mchana kweupe. Ilimjia kanisani wakati wa sadaka, ikamjia mezani mbele ya bugari na mboga ya sombe, na siku moja ikamjia katikati ya mvua kubwa, akiwa amesimama chini ya bati la duka akisubiri anga litulie. Mkewe, Immaculée, alifua nguo zake zote za kazi, akazianika siku mbili, kisha akazinusa mwenyewe moja moja.

"Hakuna kitu, Papa," akamwambia. "Inanuka sabuni tu."

Gauthier alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na karibu thelathini kati ya hiyo aliitumia katika mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, katika uwanja wenye bati moja refu, shimo la kuingilia chini ya magari alilolichimba kwa mikono yake, na udongo uliolewa mafuta mpaka ukang'aa. Kazi alifundishwa na mzee aliyetengeneza malori ya mgodini, mtu mkimya ambaye hakumuuliza shofere swali kabla ya kuigusa motere kwa mgongo wa mkono. "Shofere anasema uongo," mzee huyo alizoea kusema. "Joto haiseme uongo." Gauthier alirithi desturi hiyo. Watu wa Bunia walimwamini kwa sababu ya mkono wake.

Bruno alikuwa shofere wa njia ya Djugu, na kwa miaka kumi na moja hakuna fundi mwingine aliyefungua gari lake. Alimwita Gauthier "Vieux", kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Gari lenyewe lilikuwa jipu la mazuti, yaani dizeli, lenye turbo. Turbo ni kigurudumu kidogo kinachosukumwa na moshi wa motere yenyewe, kinazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kinachokibeba humo ndani ni utando mwembamba wa mafuta, basi. Gari likitembea mjini, mafuta yanapata nafasi ya kupoa. Likikimbizwa nusu saa na mzigo mgongoni, yanachemka, yanakuwa mepesi kama maji, utando unakatika, na chuma kinalamba chuma.

Na njia ya Djugu ilikuwa njia ya kukimbia. Kulikuwa na kipande cha kilometa kama arobaini, kilichochongwa upya na matingatinga, ambapo watu wenye silaha walizoea kutokea majanini. Mashofere walikuwa na sheria moja: ukiingia pale, kanyaga mpaka utoke. Kwa ajili ya kipande hicho Gauthier alimfungia Bruno radiatere ndogo ya kupoza mafuta mbele kabisa, nyuma ya meno ya gari, pale upepo unapopiga kwanza. Mafuta yalitoka kwenye motere kwa mpira mmoja, yakapita humo yakipulizwa, yakarudi kwa mpira wa pili yakiwa yamepungua ukali. Miaka minne Bruno alikimbia hivyo bila shida.

Kisha jiwe lililorushwa na tairi la lori likaitoboa ile radiatere. Nyingine ilikuwa lazima itoke Kampala, wiki mbili. Gauthier aliifungua, akachukua mipira miwili akaiunganisha kwa kipande cha bomba la chuma, akaikaza. Mafuta sasa yalitoka kwenye motere na kurudi kwenye motere bila kupita kwenye upepo. Kwa kutembea hapa mjini, kazi hiyo haikuwa na kosa.

Asubuhi ya Alhamisi Bruno alikuja kuchukua gari. Kwa jirani walikuwa wakichomelea geti, na groupe yao ya kuzalisha umeme ilinguruma kiasi kwamba watu walisemezana kwa mikono. Gauthier alikuwa shimoni, chini ya gari la mtu mwingine. Alitoka nusu, akampa Bruno ufunguo, Bruno akacheka, akainua kidole gumba, akaondoka. Haya yote Gauthier aliyakumbuka vizuri. Alikumbuka hata tope lililokuwa kwenye kiatu cha Bruno. Jambo moja tu lilimpotea: kama alimwambia kwamba radiatere haipo.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Bruno alibeba abiria watano na magunia ya unga, akaelekea Djugu. Gari lilizimika katikati ya kile kipande. Abiria walitawanyika majanini, wakaokoka wote. Bruno alibaki akijaribu kuliwasha. Wale wenye silaha walipotokea, alikuwa bado ameshika usukani.

Kwenye matanga kila mtu alisema neno moja: vita. Vita imemubeba. Mchungaji alilisema, majirani wakalisema, na abiria waliookoka, ambao walisikia milio ya bunduki lakini hawakujua ilianza lini, walisema motere ilipigwa risasi. Gauthier alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanaume, akitazama mikono yake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku tatu alikaa pale, akala chakula cha matanga, na habari ya radiatere hakuitaja.

Miezi tisa baadaye lori lililikokota lile jipu mpaka uwanjani kwake. Estelle, mjane wa Bruno, alikuwa ameketi mbele kwenye lori, amejifunga kitenge cheusi. Alishuka, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Papa Gauthier," akasema, "ifungue, uniambie kama inaweza kupona. Watoto wanapaswa kula."

Alipoondoka, Gauthier aliinua boneti. Mlango wa kushoto ulikuwa na matundu saba na kioo cha mbele hakikuwapo, lakini kwenye motere hakuona hata mkwaruzo. Alivua mpira wa hewa, akaingiza kidole kwenye turbo na kujaribu kuizungusha. Ilikuwa imeganda. Alipoitoa aliona mti wake, chuma cha katikati kinachozunguka, umegeuka rangi ya zambarau, kama kisu kilichosahauliwa motoni. Akamwaga mafuta kwenye beseni. Yalitoka meusi, mazito, na jua lilipoyapiga yaling'aa kwa vumbi la chuma. Ile mipira miwili ilikuwa bado imeunganishwa kama alivyoikaza. Harufu ikampanda puani, na safari hii ilikuwa ya kweli, mbele yake, ndani ya beseni.

Kwa siku tatu alilifunika gari kwa hema na kufanya kazi nyingine. Kila jipu la turbo lililopita barabarani likipiga mluzi wake, mikono yake ilisimama. Siku ya nne, baada ya ibada, alikwenda kwa Estelle bila kumuaga mtu.

Alimkuta uwanjani akichambua maharagwe kwenye ungo. Akapewa kiti. Maji aliyopewa hakuyanywa.

"Mama Glodie," akaanza, akimwita kwa jina la mtoto wake, "niko na neno."

"Kama ni piyese ya kununua, sema tu. Nitatafuta."

"Hapana piyese. Risasi haikugusa motere. Gari ilizimika yenyewe. Radiatere ya mafuta ilikuwa imetoboka, nikaitosha mu gari. Nilipaswa kumwambia Bruno asipite quatre-vingts, themanini kwa saa, mpaka ingine ifike. Na kama anasikia arufu, apunguze, motere ipumue. Sijue kama nilimwambia."

Estelle hakuinua macho. "Hujue namna gani?"

"Sijue. Miezi kenda niko natafuta ile asubui mu kichwa yangu. Naona kinywa yangu inafunguka. Neno sisikie."

Vidole vya mwanamke yule viliendelea kutenga maharagwe mabovu, moja, jingine, jingine. Gauthier alisubiri apigiwe kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, hata kwa kufukuzwa mbele ya majirani. Mwishowe Estelle aliuweka ungo chini.

"Alinipigia simu," akasema. "Ilikuwa saa ine na kitu ya asubui. Aliniambia: Estelle, taa nyekundu ya mafuta iko nawaka, na nasikia arufu. Nataka nipunguze, lakini niko palepale pabaya." Akafuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa michafu. "Weye unajua nilimujibu nini? Nililia. Nilimwambia: Usipunguze! Kanyaga, Bruno, kanyaga! Akasema: Ndiyo, bibi. Kisha simu ikakatika."

Ng'ombe wa jirani walipita njiani na mchungaji wao, vumbi likapanda, likashuka. Wote wawili walilitazama mpaka likaisha.

"Hakusema kama nilimuonya?" Gauthier akauliza.

"Hakusema."

"Hata kidogo?"

"Papa Gauthier, hakusema."

Basi akajua kwamba hatajua kamwe.

"Mama ya Bruno iko Djugu," Estelle akasema. "Yeye anajua vita tu. Tengeneza gari. Tutaenda siye wawili, tumwambie."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Motere ilifumuliwa yote na turbo nyingine ikapatikana. Radiatere ya mafuta ilikuja kutoka Kampala, pana kuliko ile ya kwanza, na Gauthier akaikinga kwa wavu wa chuma mawe yasiifikie. Kwenye dashibodi alifunga mshale wa kuonyesha joto la mafuta, uonekane kabla taa nyekundu haijawaka, maana taa ile huja kusema habari zilizokwisha tokea. Estelle alikuja kila Jumamosi akasimama karibu na kuuliza: hii ni ya nini, na hii inapita wapi. Katika miezi hiyo Gauthier alianza kuwaambia wateja ukweli. Wengine walimwambia aache kujitesa, vita ni vita. Wengine walisikiliza, wakatikisa kichwa kwa huruma, na hawakuleta magari yao tena.

Waliondoka Jumanne saa mbili asubuhi. Nyuma aliketi Charlotte, mwalimu aliyeomba nafasi mpaka Djugu, amepakata mkoba wake. Mwanzoni walizungumza. Walipofika kwenye kile kipande mazungumzo yalikufa yenyewe. Majani yalikuwa marefu pande zote mbili. Mguu wa Gauthier ukakanyaga bila kumuuliza mwenyewe: tisini, mia moja, mia na kumi. Turbo ikapiga mluzi. Barabara ikaanza kupanda, ndefu, bila kona, na mshale wa joto la mafuta ukaacha nyuzi mia, ukaanza kupanda nayo, mia na kumi, mia na ishirini.

Hapo harufu ikamjia. Hakujua ni ipi. Yaweza kuwa ile iliyomfuata mwaka mzima, ile ambayo mkewe hakuinusa kwenye nguo. Yaweza kuwa mpira umelegea na mafuta yanadondokea chuma cha moto, sasa hivi, mbele ya miguu yake. Mguu wake ukainuka kidogo kwenye pedali.

"Mama Glodie, weye unasikia arufu?"

Estelle aliinua pua kama mnyama. "Sijue," akasema. "Sijue."

"Kanyaga, Papa!" Charlotte akalia kutoka nyuma. "Juu ya nini unapunguza? Hapa batu banakufa!"

Estelle akaweka mkono kwenye dashibodi, karibu na mshale. "Punguza," akasema. "Papa Gauthier, punguza."

Akapunguza. Themanini, sabini, sitini. Mwendo ule ulikuwa kama kutembea uchi sokoni. Sasa kila kitu kilionekana: mwanamke analima mhogo, shati limeanikwa kichakani, kisha mahali fulani kando ya njia ambapo majani hayakuota, papana kama gari. Estelle alipatazama mpaka pakabaki nyuma. Charlotte alikuwa akisali kwa sauti. Mshale ulikaa mia na kumi na nane muda mrefu, ukatetemeka, ukaanza kurudi. Hakuna aliyetokea. Kipande kikaisha, nyumba zikaanza, na hakuna aliyesema asante.

Walimshusha Charlotte barabarani, wakaendelea mpaka kwa mama wa Bruno. Gauthier aliegesha lakini hakuzima gari. Turbo iliyotoka kukimbia ukiizima ghafla, mafuta yaliyobaki ndani yake yanaungua palepale. Huachwa ipumue dakika tatu. Bibi kizee alikwisha toka mlangoni, amesimama na jembe mkononi, akishangaa kwa nini watu wameketi ndani ya gari la mwanawe bila kushuka. Zilikuwa dakika ndefu. Kisha Gauthier akazungusha ufunguo.

Walimwambia wakiwa wameketi kwenye mkeka, Gauthier kwanza, Estelle baadaye. Hakuna aliyemkatiza mwenzake wala kumtetea. Bibi aliwasikiliza akitazama magoti yake, na walipomaliza akawafukuza kuku walioingia ndani.

"Ile asubui," akamuuliza Estelle, "alikuwa amekula?"

"Ndiyo, Mama. Alikula muhogo na samaki. Akaongeza tena."

"Alishiba?"

"Alishiba."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akainuka polepole akishika ukuta, akaenda kuwasha moto awapikie.