Friji la Jengo Zima

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Ernestine Mabry alilipwa mshahara kufungua mafriji ya watu. Alikuwa mkaguzi wa ustawi wa watoto hapa mtaani kwetu Bronx: unagonga, unaingia, unafungua friji, unaandika. Siku moja alikuta barafu na chupa ya haradali tu, akaandika "mama hajali", na watoto watatu wakapelekwa kwa mlezi wa kulipwa. Hapo akapiga hesabu: serikali haina hela ya kumpa mama anunue mayai, ila inayo ya kumlipa mgeni awakaangie watoto walewale mayai yaleyale. Akaacha kazi. Ofisini wakasema amechanganyikiwa.

Sasa ana miaka sitini na mbili na simu isiyopumzika, maana kila mama anayegongewa na wakaguzi humpigia yeye. Husema ofisi ile haitengenezeki, ifungwe, kazi yake wafanye majirani. Sisi majirani tulikuwa tunacheka, mpaka Jumanne.

Jumanne mkaguzi alimgongea Shavonne wa ghorofa ya nne. Shavonne akampigia simu Bi Ernestine.

"Mama, wamekuja kunichukulia watoto!"

"Ana karatasi ya hakimu?"

"Hana. Anasema atakwenda kuileta, na polisi juu."

"Basi mwambie unavaa. Vaa polepole, kama bibi harusi."

Kisha Bi Ernestine akatupigia sisi kwamba friji la Shavonne ni tupu, nasi tukapitisha vyakula dirishani, kwa ngazi za chuma za nyuma za kukimbilia moto. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyemuuliza mwenzake analeta nini.

Mkaguzi, kijana aitwaye Cuevas, alipofungua friji, dumu la maziwa lilimwangukia mguuni.

"Madumu saba? Kwa watu watatu?" Akaandika. "Kurundika vitu. Hiyo nayo dalili."

"Baba," akasema Bi Ernestine, aliyefika akihema kwa kupanda ngazi, "likiwa tupu kosa, likijaa kosa. Fomu hiyo niliijaza kabla hujaota meno. Najua aliyekutuma ni shule; imelalamika nini?"

"Binti yake amekwenda shule na sweta tu, kwenye theluji. Hana koti."

"Umekuja na koti?"

"Nimekuja na fomu."

"Gari la serikali, kurasa kumi na nne, kalamu mbili. Koti hakuna?"

Kijana akaziangalia kalamu zake. "Bi mkubwa, koti si idara yetu."

Mzee Purvis wa ghorofa ya tano alikuwa keshapanda kwake. Akashuka na makoti matatu ya wajukuu, moja likinuka dawa ya kufukuzia nondo. Cuevas akaandika: koti lipo.

"Wanangu wanalala wapi leo?" Shavonne akauliza.

"Hapa. Lakini faili linabaki wazi siku sitini."

Alipotoka, Shavonne akakaa chini palepale jikoni. Bi Ernestine hakumbembeleza. Alimpa mkono akamwinua.

"Inuka, shule inafungwa saa tisa. Twende wote tukawachukue watoto. Huyo mwalimu aliyekushtaki nataka nimpe namba yangu ya simu, siku nyingine apige kwangu kwanza."