Kalamu Kwenye Kidole cha Mwisho

Katika miaka yangu ya ualimu pale Sokon One nimechana karatasi za watoto wengi waliochungulia kwa jirani. Sina huruma na mtu anayeibia mtihani. Ndiyo maana naona haya kuandika kwamba mimi mwenyewe niliibia, tena mtihani wa mkono wangu.

Nilikuwa mwezi wa pili nikimeza dawa za ukoma. Ukishtuka kusoma neno hilo, jua nami nilishtuka. Kila nilipofika zahanati, muuguzi, binti mpole mwenye adabu, aliniambia nifumbe macho, akanigusa kiganja na vidole kwa ncha ya kalamu, nami nionyeshe alipogusa. Mwezi huo kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nikafungua jicho kidogo tu, nikaonyesha vyote sawasawa. Akaandika kwenye kadi kwamba niko vizuri, nami nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kabla mwezi haujaisha doa la ukoma lililokuwa mkononi likavimba na kuwaka moto, kiwiko kikauma, chaki ikawa inanidondoka mbele ya darasa. Dada yangu akasema ni hizo dawa, niziache. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikaribia kumsikiliza.

Nikarudi zahanati, na muuguzi akanieleza taratibu. Vijidudu vya ukoma hujificha ndani ya chembe zinazoivika na kuilinda mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikivigundua huvamia humohumo, na hata mabaki ya vilivyouawa na dawa huichokoza. Mshipa huvimba na kubanwa. Niliwaza mgambo wa pale Kwa Mrombo, wanavyomkimbiza mtu mmoja wakapindua meza ya nyanya ya mama asiyehusika. Akasema dawa nisiache, daktari angeniongezea vidonge vya kutuliza hiyo kinga. Mshipa ukiwahiwa huweza kupona. Ukichelewa, vidole hubaki vimekunjamana.

"Hii ganzi ilianza lini, mwalimu? Kadi inasema ulipokuja mara ya mwisho ulikuwa mzima."

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akanifunga macho kwa mtandio wake, akasema leo atagusa vile vidole viwili tu, mara nne.

Nilinyoosha mkono. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Nilisubiri kalamu hadi nikachoka.

"Anza basi," nikamwambia.

"Nimeshamaliza, mwalimu."