Wiki Nilizokuwa Sauti ya Madamu

Nikiita mtu pale kwenye mashine yangu ya kukamua mawese, hata anayepita barabara ya Nyanza-Lac anasimamisha baiskeli akidhani nimemwita yeye. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako najua, na sababu ninazo. Nilirudi Burundi kutoka kambini Tanzania nikiwa na darasa la nne na shuka la kujifunika, basi. Leo mashine ni yangu, nyumba ya matofali ya kuchoma ni yangu, na pikipiki zinazoleta chikichi kutoka Minago ni zangu. Wazazi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu wamenichagua kuwa prezida wao mara mbili, na wengi wao wamesoma kunizidi. Walitaka mtu anayesikika.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mwalimu wa darasa la kwanza sauti imemkauka, nilijua hiyo ni kazi yangu.

Mwalimu huyo nitamwita Madamu, kama watoto wanavyomwita. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Kabezi, mwembamba, asiyependa maneno mengi nje ya darasa. Watoto wangu wote wakubwa wamejifunza kusoma kwake, na kitinda mimba wangu alikuwa darasani mwake mwaka huo. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, wamebanana kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kapu. Kuta za shule ile hazifiki kwenye bati. Juu pameachwa wazi ili hewa ipite, na hewa kweli inapita, ila zinapita pia hesabu za darasa la tatu na nyimbo za darasa la pili, na mvua ikinyesha usiseme. Madamu alikuwa akishindana na hayo yote kwa koo lake, asubuhi na kundi moja, mchana na kundi jingine.

Daktari wa Bujumbura alimwambia anyamaze wiki tatu, hata kunong'ona asinong'one, na anywe maji kwa wingi. Asipofanya hivyo, sauti haitarudi. Lakini direkteri wa shule hakuwa na mwalimu wa kumweka mahali pake. Madamu akipumzika, watoto wake wanasukumwa kwenye darasa la jirani, wakae chini nyuma ya wenzao mpaka muhula uishe. Na ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuunganisha herufi.

"Mutoto ukimuacha hapo," Madamu aliniambia kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta, "mwaka kesho anaanza upya. Ao anaenda kuuza samaki, hatumuoni tena."

Koo lake au kusoma kwao. Ndiyo ilikuwa shida, na mimi shida huwa naikamata mara moja.

Siku ya pili nikaenda sokoni, nikamnunulia kipaza sauti cha mkononi, kile cha wauza ndagala. Kitu kizuri, chekundu, na mkanda wa kuvaa begani. Hata ukinong'ona kinapiga kelele. Madamu alikitazama, akanitazama, akasema murakoze, yaani asante, kwa sababu ni mtu wa adabu. Akauliza darasa lake mbili na tatu ni ngapi. Jibu likatoka darasa la nne. Kisha mtoto mmoja akagundua kitufe cha king'ora, na nusu ya shule ikatoka nje ikidhani ni mapumziko.

Direkteri alinijia ofisini kwangu akiwa amekishika kama mtu aliyekamata kuku wa jirani. "Prezida, umenunulia shule nzima mwalimu mumoja," akasema. "Wale wengine niwapeleke wapi?"

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akaacha kupika. "Wewe baba," akasema, "unaenda kununua kipaza sauti, na ulicho nacho kwenye shingo ni nini?"

Mtu mwingine angenuna. Mimi nilivaa koti na kravati, na kesho yake kabla ya kengele nilikuwa nimesimama mlangoni pa darasa la kwanza.

"Madamu, wewe usiseme kitu. Unaonyesha, mimi nasema. Mimi ni sauti yako."

Akachukua chaki, akaandika ubaoni: Na mashine?

"Mashine iko na watu."

Akafikiri. Akaandika tena: Usipige mtoto. Nikamwapia.

Kitinda mimba wangu aliponiona alijificha uso kwa mikono. Nikasalimu amahoro, wakajibu amahoro, kisha nikasema "Kimya" kwa ile sauti yangu ya mashine. Wakanyamaza kwa muda wa pumzi moja, halafu wakarudi juu kuliko mwanzo. Nikaongeza, wakaongeza. Nilikuwa nawapa kipimo cha kufikia. Madamu akapita mbele yangu, akainua kiganja, akangoja. Hakukunja uso. Kimya kikaanza benchi la mbele kikaenda nyuma polepole, kama mafuta yanavyotulia kwenye pipa ukiacha kuyakoroga. Ndipo akaninyooshea kidole: sema sasa.

Kusoma ndiko nilikokuwa nakuogopa kidogo, maana Kirundi cha kuandikwa nilikikuta ukubwani. Madamu anagusa silabi kwa fimbo, mimi nasoma, watoto wanarudia. Kumbe nilikuwa nasoma kwa lafudhi ya kambini.

"Madamu," mtoto mmoja akasema, "Prezida anasoma ka Mutanzania."

"Na wewe unasoma ka nani?" nikamuuliza.

"Mimi nasoma ka Madamu."

Madamu alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Mimi nikarudia ile silabi mpaka mtoto yule akakubali kwamba sasa imekaa sawa.

Nimebeba magunia ya chikichi tangu ujana, nimelala chini ya lori nikilitengeneza, lakini sijawahi kuona kazi isiyo na mahali pa kuweka mkono kama ile. Huyu amevunja kalamu ya risasi, yule amelala kwa sababu hajala tangu jana, wawili wanagombania ufutio, mmoja analia na hataki kusema kwa nini. Madamu alipita katikati yao bila kukimbia, akigusa bega, akigeuza daftari, akifunga kifungo. Kiti chake walikalia watoto wawili. Jua lilipopiga bati, kravati niliivua mwenyewe.

Siku ya tatu nikaona kitu. Chupa yake ya maji ilikuwa dirishani, imejaa mpaka juu. Kila siku anakuja nayo imejaa, kila siku anarudi nayo imejaa.

"Madamu, daktari amesema maji. Kwa nini hunywi?"

Akaandika pembeni mwa ubao, kwa herufi ndogo: Nikinywa, natoka. Nikitoka, nani anabaki?

Nikasoma mara mbili. Choo kiko ng'ambo ya kiwanja, na watoto wadogo hivyo huwezi kuwaacha peke yao. Siku moja alitoka kidogo tu, mmoja akaanguka kutoka dirishani akavunjika jino. Tangu hapo alizoea kutokunywa kitu kuanzia alfajiri mpaka kundi la mchana liondoke. Miaka yote hiyo, koo kavu likipiga kelele juu ya darasa la tatu. Na sisi wazazi tulikuwa tukikutana kujadili rangi ya kupaka geti.

"Kunywa," nikamwambia. "Mimi iko hapa."

Akanywa nusu chupa amesimama, akatoka. Aliporudi alikuta tuko salama, ila nilikuwa nimewafundisha wimbo wa kupakia malori, na darasa la pili upande wa pili wa ukuta walikuwa wameushika pia.

Ilipofika Jumamosi, siku ya mkutano wa wazazi, nilifungua mdomo nyumbani kuomba chai na hakikutoka kitu. Wiki moja tu. Mimi, ambaye injini haijawahi kunishinda. Nilikwenda hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa. Mvuvi mmoja, mtani wangu wa siku zote, akaona ninavyohangaika, akasimama. "Leo Mungu amekukamata, Prezida. Sema basi, tunakusikiliza." Watu wakacheka sana.

Nikainua kiganja, nikangoja, kama nilivyofundishwa. Inachukua muda zaidi kwa watu wazima. Waliponyamaza nikampa Madamu chaki, maana shida ni yake na anaijua kuliko mimi. Akaandika ubaoni mambo machache, na mama anayeuza maandazi getini akayasoma kwa sauti: anataka mtu mzima mmoja wa kusimama mlangoni saa ya kati ya asubuhi, apate kunywa maji na kutoka. Anataka darasa la pili wasiimbe wakati wa kusoma. Ukuta ukipanda, vizuri, usipopanda, atavumilia.

"Serikali inamulipa," mvuvi akasema. "Sisi tuende kulinda mwalimu?"

"Wewe mutoto wako anasoma?" mama wa maandazi akamuuliza.

"Anasoma. Ananisomea hata majina ya mitumbwi."

"Amesomeshwa na nani?"

Mvuvi akamwonyesha Madamu kwa kidevu. Akasema asubuhi akitoka ziwani huwa amekaa tu, siku ya Jumatano anaweza kusimama mlangoni, mradi asiambiwe afundishe. Mama wa maandazi akachukua Jumanne na Ijumaa. Direkteri akasema saa za kuimba atazihamisha yeye mwenyewe. Ukuta niliuchukua mimi, matofali na fundi, na ulipanda mpaka bati, na madirisha ya nje tukayapanua ili watoto wasipikike. Uko pale. Nenda kauone, umenyooka.

Sauti yangu ilirudi Jumatatu, nikamsemea Madamu wiki mbili zilizobaki, safari hii bila kupiga kelele. Wiki tatu zilipokwisha, sauti ya Madamu nayo ilirudi. Haikurudi yote. Ni ya chini sasa, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa, na watoto wanainama mbele kuisikia. Ndiyo waliyomaliza nayo silabi, kitinda mimba wangu akiwemo. Alipoanza kusema, neno la kwanza aliniambia mimi: "Prezida, rudi kwa mashine yako."

Nilirudi, lakini Alhamisi ni zamu yangu na siigawi kwa mtu. Saa ya kati nasimama mlangoni. Madamu anakunywa maji yake yote, anaweka chupa dirishani, anatoka, anavuka kiwanja taratibu, akisimama njiani kuongea na mwalimu wa darasa la nne.