Ubavu wa Kulia Uliofutwa

Saa tatu asubuhi, Lorraine Dykstra anapanda ngazi ya mbao ndani ya makumbusho, taa mkononi, kamera shingoni. Anachungulia kiti cha nyuma cha ndege ya vita iliyoopolewa kutoka Ziwa Michigan, mahali alipokuwa akikaa mpiga bunduki. Anashuka bila kupiga picha hata moja.

"Wameipaka rangi," ananiambia. "Inang'aa kama friji."

Lorraine ni mpiga picha wa hapa Muskegon, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa hilo. Ndege hii, Dauntless ya jeshi la majini, ilitengenezwa ili ishuke kichwa chini kuelekea meli, iachie bomu, kisha iinuke. Yeye huipiga picha kipande kwa kipande, hadi vichwa vya ribiti, zile pini zinazounganisha mabati yake, kwa ajili ya vitabu vya watu wanaounda ndege kama hizo kwa plastiki, ndogo za kutosha kukaa kiganjani. Ukiwacheka, shauri yako. Watu hao wanaweza kubishana Jumamosi nzima, kahawa ikipoa, juu ya rangi ya gurudumu.

Wakati wa baridi alimaliza ubavu wa kushoto wa kiti hicho, yaani ukuta wa ndani ulio kando yake. Wa kulia ulizibwa na vyuma vilivyoishikilia ndege, akaambiwa asubiri viondolewe. Makumbusho yaliahidi kwamba hakuna atakayeugusa kabla yake.

"Nilikuwa nimeuona kwa tochi," anasema. "Rangi ya kiwandani ilikuwepo bado. Ilikuwa imelika pale kiwiko cha yule kijana mpiga bunduki kilipokuwa kikisugua. Matope ya ziwa yaliiacha, wao wakaifuta."

Halafu sherehe ya wafadhili wa makumbusho ikawekwa mapema kuliko ilivyopangwa. Ubavu ukapulizwa mchanga kwa mashine kuondoa rangi ya zamani, ukapakwa mpya, na Lorraine hakupigiwa hata simu. Mimi nimeandika habari za mji huu muda mrefu, na bado sijui mtu anapataje usingizi baada ya kazi kama hiyo.

Brent Halvorsen, mkuu wa makumbusho hayo, anatukuta chini ya bawa. Anatabasamu.

"Lorraine, acha hasira bwana. Si unayo picha ya kushoto? Igeuze kwenye kompyuta, iwe ya kulia. Nani atajua?"

"Watajua wote, Brent. Pande hizi mbili hazifanani hata kidogo."

"Ni midoli tu hiyo."

"Basi na hii yako ni mdoli mkubwa. Umeshaipaka."

Brent anaondoka, tabasamu limekwisha. Lorraine anakunja waya wa taa kwa nguvu hadi vidole vinakuwa vyekundu. Anaeleza kinachomchoma: picha ya uongo ikiingia kitabuni, itaigwa kwenye maelfu ya meza, na baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na kitu kingine. "Wataniamini. Hapo ndipo ninapotaka kulia."

Jioni, kwenye ukumbi wa kanisa ambako waundaji hao hukutana, anawaeleza. Gerrit Postma, dereva mstaafu wa lori la maziwa, anaweka brashi chini.

"Kwa hiyo kitabu hakitoki?"

"Kinatoka. Ukurasa wa kushoto una picha. Wa kulia ni mtupu, na chini yake nimeandika: 'Ubavu huu ulikuwepo hadi Machi mwaka huu.'"

"Brent atakufungia mlango."

"Afunge. Alichokuwa nacho cha kupigwa picha ameshakifuta."

Gerrit anaichukua ndege yake ndogo, ambayo ameihangaikia tangu majira ya vuli. Ubavu wa kulia wa kiti cha nyuma ameshaupaka kijani, vizuri kabisa. Anachovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi, anaanza kuusugua.

"We mzee, una wazimu?" mwenzake anamuuliza.

"Nitauacha plastiki tupu," anasema. "Siku ya sherehe ya Brent, maonyesho yetu si yatakuwa palepale kwenye ukumbi wa makumbusho?"

Lorraine anaitikia kwa kichwa. Anachotaka sasa ni hicho tu: wafadhili wapite mbele ya meza yao, wainame, waulize kwa nini kila ndege imeachwa bila rangi upande mmoja, na Brent awe amesimama karibu.

Pamba inapita kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akisugua ubavu wa kulia wa ndege yake. Hakuna aliyegusa kahawa.